Daraja la Maji Moto wa Kunduchi

Keko, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Kwa mdogo wangu Somoe,

Sikuulizi kama hujambo, maana mgonjwa hawezi kuandika kurasa nne za matusi kwa mwandiko ulionyooka namna ile. Nimeshajua kuwa u mzima, mkono unafanya kazi na mdomo haujapungua makali. Na mie ni mzima, ukitaka kujua, na usipotaka ni mzima vilevile. Goti la kushoto linaniuma nikipanda, la kulia linaniuma nikishuka, kwa hiyo nimeamua kubaki hapa chini. Kazi ipo ya kubahatisha. Tangu waliporuhusu kila mwenye meli alete anachotaka, watu wanakalia makochi ya kutoka Arabuni, ndani yake magazeti matupu, halafu yakibonyea wanatuletea sisi tuyatie mbao. Tunayatia. Ndiyo maisha.

Barua yako aliniletea yule dereva wa lori la korosho. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza peke yangu, nikakasirika. Mara ya pili nikamsomea Ngonyani, seremala mwenzangu hapa kibandani, mtani wangu, akacheka mpaka akajigonga kidole kwa nyundo. Mara ya tatu nikaisoma polepole, kwa kisomo changu cha darasa la nne, kidole kikifuata mstari, nione kama kweli ni wewe uliyeandika: "Kaka, hiyo barua ya Hamisa ichome moto, nani atajua?"

Nitajua mie, Somoe. Na wewe utajua. Na Ngonyani keshajua, ambayo ni sawa na kutangaza redioni.

Barua yenyewe iko hapa mbele yangu, juu ya benchi, pembeni ya randa. Imefungwa, imebandikwa stempu za ndege, na jina la profesa wake wa Ulaya limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Mwanao aliniachia mwenyewe, Jumatano ya wiki iliyopita, kabla hajaenda Morogoro kwenye mkutano wao wa wasomi. Aliniambia hivi: "Mjomba, itume wewe. Mie nikiishika tena nitaichana." Halafu akaondoka haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Kumbe alipofika Morogoro akakupigia simu akalia, na wewe ukashika kalamu.

Umeniita mchawi. Umesema nimemroga mtoto kwa sababu mie mwenyewe sikusoma. Umesema nina kijicho. Sasa kaa kitako, kama umesimama, na kama una mboga motoni iepue, nikueleze kilichotokea. Maana wewe umewatangazia watu mji mzima kwamba mwanao anarudi daktari, na nasikia kuna mama keshakuletea mtoto wake mwenye pumu akae hapo amsubiri. Mwambie amrudishe hospitali. Mwanao hatibu mtu. Mwanao anasomea wadudu.

Wadudu wenyewe unawajua, ni maji moto, wale wekundu wa kwenye mikorosho, waliokuuma ulipokuwa mdogo ukakimbia uchi mpaka kwa shehe. Hamisa alikodi ua kule Kunduchi, nyuma ya mikorosho, penye banda la sementi, akasema hao ndio mwalimu wake. Nikamwambia kwa nini ukapanda ndege kwenda Ulaya, si ungekaa kwa mama yako, wamejaa tele.

"Mjomba, hawa hawana mkubwa," akaniambia. "Ndiyo ninachosoma. Wako maelfu, wanajenga, wanawinda, wanavuka pengo, na hakuna anayewaamrisha."

"Na malkia?"

"Malkia anataga tu. Hatoi amri."

"Basi si kama mama yako."

Akacheka. Siku hizo bado tulikuwa tunacheka.

Nisiwe mwongo, nilivutiwa. Wewe hujawahi kuwaangalia, ulikuwa unawakimbia. Wanashikana viuno, mmoja nyuma ya mwenzake, wanakuwa kamba, wanavuta jani mpaka liguse jani. Halafu anakuja mwingine amebeba mtoto wao mdomoni, yule funza mweupe, anampitisha huku na huku kwenye ukingo wa jani, na mtoto anatoa uzi. Wanashona! Anamshika mtoto kama mie ninavyoshika kopo la gundi. Nimekuwa fundi tangu mkoloni yupo, sijaona kiungo kizuri kama kile. Na hakuna msimamizi, hakuna kikao. Sie hapa Keko, balozi wetu wa nyumba kumi akisafiri siku mbili tu, mtaro unaziba. Wale hawana balozi na mtaro wao hauzibi. Kila mmoja anamtazama jirani yake tu, basi.

Kwa hiyo Hamisa akatengeneza na vyake. Alinunua Kariakoo yale magari ya kuchezea watoto, akayavunja, akatoa mota, akatia betri na vitu vya redio, akapata vigari kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa vibiriti viwili. Kila kimoja kijinga kama Ngonyani. Lakini ukiviachia pamoja vinafanya jambo la akili, ambalo Ngonyani hajaliweza. Akasema siku moja, mgodi ukiporomoka na watu wako chini, badala ya kupeleka mashine moja kubwa inayokwama, unamwaga vigari mia humo ndani. Ishirini vikifa, themanini vinaendelea. Vinatafuta njia vyenyewe mpaka vimfikie mtu. Hiyo ndiyo inaitwa kazi ya Hamisa. Mie niliielewa vizuri, sijui wewe umeielewa vipi ukafikiria sindano.

Sasa tuje kwenye daraja.

Akaja hapa kibandani na mchoro. Akanipa shikamoo, lakini ile shikamoo ya kutazama saa. Alitaka kijia cha ubao, kipana kama kidole gumba, kinachoanza kimoja, kinagawanyika mara mbili, halafu vinakutana tena mbele. Tawi moja fupi, tawi jingine refu mara mbili yake. Upande mmoja unaweka kiota cha maji moto, upande wa pili kisahani cha maji ya sukari. Miguu ya daraja inasimama kwenye makopo ya maji ili mdudu asitoroke. Kwenye vitabu vyake, alisema, mdudu akipita anaacha harufu. Waliopita njia fupi wanarudi mapema, harufu inazidi, wengine wanafuata, na baada ya muda wote wanapita njia fupi. Hakuna aliyepima, wamejua tu.

Nikamwambia sawa, lakini ubao huu ni mwembamba, ningekushauri... Akanikata. "Mjomba, usinishauri. Fuata mchoro. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

Mbele ya Ngonyani! Ngonyani akajifanya anatafuta msumari.

Nikafuata mchoro. Ila, Somoe, kuna vitu fundi wa Keko havihesabu kama kuongeza. Hapa mchwa wanakula mguu wa kitanda mwenyewe angali amelala. Kwa hiyo kila kitu kinachotoka hapa, kiwe kitanda, kabati au jeneza, upande wa chini kinapakwa oili chafu, ile nyeusi iliyotolewa kwenye injini, tunaichukua gereji ya jirani. Hatuulizi wala hatuulizwi. Ni kama kunawa kabla ya kula. Nikamaliza tawi fupi, nikalipaka chini, nikaona kopo limeisha. Nikasema hili refu nitalipaka kesho. Kesho yake asubuhi na mapema mwanao kafika, anahema, anataka daraja lake, nikaunga matawi kwa gundi pale pale anasubiri, akalibeba akaenda zake. Oili nikaisahau. Nakuapia. Nilikuwa na kitanda cha bwana harusi kinachonisubiri.

Kule Kunduchi maji moto wakapita njia ndefu.

Siku ya kwanza, ya pili, wiki, mwezi. Njia ndefu! Anakaa na daftari anahesabu mmoja mmoja. Nilikwenda siku moja kumpelekea muhogo, nikamkuta anaruka ruka kama msichana aliyechumbiwa.

"Mjomba, hawa wa kwetu hawafanyi kama wa kwenye vitabu!"

"Wa kwetu hawajawahi kufanya kama wa kwenye vitabu," nikamjibu.

Akafikiri, akafikiri, akapata sababu. Akasema maji moto wanakwepa msongamano. Wanajua njia fupi itajaa, wanaiachia nafasi. Akasema hilo halijaandikwa na mtu. Akaliandika yeye, likawa sura ya nne, ndiyo roho ya kitabu chake. Na vigari navyo akavifundisha vivyo hivyo, vikifika njia panda vianze na ile ndefu. Profesa akasoma huko aliko, akaandika anakuja mwenyewe kuona.

Siku ya profesa niliitwa asubuhi nikakaze mguu wa daraja uliokuwa unacheza. Hamisa alikwenda kumpokea mgeni, akaniacha peke yangu bandani. Nikanyanyua daraja, nikaligeuza juu chini kama kawaida ya fundi. Harufu ikanipiga pua. Tawi fupi jeusi, tawi refu jeupe. Nikalirudisha, nikakaa, nikatazama. Maji moto mmoja akaja mbio, akafika njia panda, akagusa tawi fupi kwa vipapasio vyake, akarudi nyuma kama mtu aliyekanyaga choo. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Hawakuwa wakikwepa msongamano, Somoe. Walikuwa wananikwepa mie.

Nikasema Hamisa akiingia tu namwambia.

Akaingia na profesa, jitu refu, masikio mekundu kwa jua, mpole. Na watu wawili wa chuo. Wakawa wanazungumza Kiingereza, akawa anamtambulisha kila mtu na kila kitu, hiki kiota, hiki kisahani. Akafika kwangu. Mie Kiingereza changu hakijazi kiganja, lakini neno moja nililisikia vizuri: kapenta. Nikasubiri. Nikasema ataongeza. Hakuongeza. Akapita kwenye vigari.

Wewe unajua kwetu sie mjomba ni nani. Baba yake alipotaka kumwoza alipomaliza darasa la saba, nani alikaa mkekani akasema huyu ni mpwa wangu, na mjomba akikataa ndoa haipo? Wewe ulikuwa nyuma ya mlango unalia, huna msaada. Nani alimpeleka sekondari, sanduku lake nimelibeba mie kichwani, na lile sanduku nililitengeneza mie? Sasa mbele ya wageni mie nimekuwa kapenta, kati ya kisahani cha sukari na betri.

Basi kapenta akafunga mdomo.

Profesa akawatazama maji moto wakipita njia ndefu, akapiga makofi. Vigari vikaachiwa sakafuni, penye njia mbili za chaki kama zile za daraja, vikaenda njia ndefu vyote, kimoja kikakimbizwa na kuku, watu wakacheka. Halafu yule mzee wa watu akainama, akapitisha kidole kwenye kiungo cha daraja pale matawi yanapokutana, akasema kitu. Hamisa akanigeuzia: "Anasema ni kazi safi sana." Kidole kilikuwa juu ya ubao. Kingepita chini tu, hadithi ingekwisha palepale. Hakikupita. Nikaitikia kwa kichwa, nikanywa dafu langu. Nikarudi Keko nimevimba.

Hapo ndipo kosa langu, na nakuandikia ili usije ukasema nimelificha. Sio oili. Oili ni kazi. Kosa langu ni kwamba kwa karibu mwezi mzima nilijua na nikanyamaza, na nikafurahia kunyamaza. Kila Ngonyani akiniuliza "Vipi daktari wetu?" nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nadhani hata wewe ungenichukia. Sasa unayo ruhusa.

Akaja siku moja hapa kibandani, amependeza, ana haraka. Anataka madaraja matano ya kupeleka Ulaya. "Kama lile lile, mjomba. Usibadilishe kitu chochote."

Nikachukua penseli kutoka sikioni, nikamwuliza kama fundi anavyomwuliza mteja: "Yote niyapake oili, au njia fupi tu, kama lile la kwanza?"

"Oili gani?"

"Oili chafu. Ya mchwa."

Somoe, nimezika watu, sijaona uso unaobadilika namna ile. Ngonyani akaacha kupiga randa. Hamisa akasema polepole, "Mjomba, ulipaka oili njia fupi?" Nikamwambia ndiyo. "Na ndefu?" Nikamwambia iliniishia. Akakaa juu ya mbao, na gauni lake lile jeupe, juu ya vumbi.

Nilidhani nitafurahi zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi.

Tulikwenda Kunduchi siku ile ile. Nilichukua vipande vya ubao ule ule vilivyobaki, nikamuungia daraja jingine bandani kwake, bila oili, bila hata kuupiga msasa. Tukaliweka. Tukakaa mwanao na mie, tunatazama. Mwanzoni wakaenda huku na huku. Nikachemsha chai. Chai ilipokuwa tayari, maji moto karibu wote wako njia fupi, wamejipanga msururu, kama wa kwenye vitabu.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza bila kunitazama.

"Tangu siku ya profesa wako. Asubuhi."

"Na ukanyamaza?"

"Kapenta haongei na wageni."

Akasimama. Akanitukana, Somoe. Mwanao amesoma, lakini matusi yake bado ya kwenu, nilifurahi kuyasikia. Akasema, "Miaka mitatu, mjomba! Miaka mitatu umenikalia kimya!"

"Mwezi mmoja," nikamwambia. "Miaka mitatu ni yako. Nyumbu wewe! Umehesabu wadudu mpaka macho yamekuwa mekundu. Ubao wangu umeugeuza mara ngapi?"

Akatazama makopo ya maji chini ya daraja.

"Pale Keko," nikamwambia, "anakuja mama hajui kusoma wala kuandika, anataka stuli. Kitu cha kwanza anafanya nini? Anaigeuza juu chini! Anatazama chini kabla hajakaa. Wewe umekaa miaka mitatu juu ya stuli yangu, hujaigeuza hata siku moja, kwa sababu uliona aliyeitengeneza hana la kukudanganya wala la kukuambia."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nikarudi Keko na maji moto wawili ndani ya suruali, wakaniuma mahali ambapo marehemu mke wangu tu ndiye alipajua.

Siku tano hatukuonana. Jumatano ile akaja na hii barua. Akanisomea yote, akiigeuza kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Amemwambia profesa kwamba sura ya nne si kweli. Amesema ubao ulikuwa na oili, na yeye hakuugeuza, kosa ni lake. Ameandika kwamba aliyegundua ni mjomba wake, fundi seremala. Mjomba wangu, ameandika hivyo, akanionyesha neno kwa kidole. Nikamwambia liondoe hilo, nitachekwa huko Ulaya. Akasema haliondoki.

Nikamwuliza, "Akishasoma atafanya nini?"

"Sijui. Anaweza kuniambia nianze kuhesabu upya. Anaweza kuniambia nirudi nyumbani."

"Na udaktari?"

Akanitazama. Akaifunga bahasha. Akaniachia barua akaondoka.

Sasa nisikilize. Unasema nichome kwa sababu hakuna atakayejua. Unasema umeshawaalika watu, umeshaongea na wapiga ngoma, mbuzi yuko kambani. Unasema mwanao analia. Nimerudia barua yako nitafute mahali ulipoandika kwamba Hamisa amenikataza kuituma. Hapapo. Umeandika "analia." Hujaandika "anakataza." Mtu kulia si kukataza. Wewe ulilia nyuma ya mlango siku ile ya mkekani, mbona sikukuuliza kama unataka mtoto asome?

Halafu ukaandika, chini kabisa, kwa mwandiko mdogo kama mwizi: "Na wewe mwenyewe kaka jina lako litachafuka." Hapo umenipiga, na ulijua utanipiga. Unafikiri kwa nini barua hii iko hapa siku zote hizi, na sanduku la posta liko hatua mia mbili? Nimekuwa nikiichukua asubuhi, naiweka mfukoni, nairudisha benchini. Ngonyani ananiambia, "Mzee Mohamedi, utakuwa seremala wa kwanza wa Keko kuandikwa kwenye kitabu cha Wazungu, na umeandikwa kwa kuharibu." Nilimrushia patasi. Ikamkosa. Siku hizi hata kulenga nimezeeka.

Nimefikiria kuichoma, kwa hiyo usijione peke yako mwenye akili mbaya katika ukoo huu. Jana nilikuwa na kibiriti mkononi. Halafu nikakumbuka vile vigari.

Mie sijui sura ya nne. Sijui profesa ana uzito gani. Lakini vigari nimeviona kwa macho yangu vikifika njia panda na kuchukua ndefu, vyote kumi na viwili, kwa sababu ndivyo vilivyofundishwa. Hamisa akipata udaktari wake, vitakuwa mia, watu watavitengeneza vikubwa, watavipeleka kwenye hiyo migodi. Siku moja mgodi utaporomoka. Mtu yuko chini, labda mtoto wa mtu kutoka kwetu, maana wanaokwenda kuchimba ni watoto wa watu kama sie. Pumzi imebaki kidogo. Na vigari vya mwanao vinazunguka njia ndefu, vinaiacha fupi, kwa sababu gani? Kwa sababu Mohamedi wa Keko aliishiwa oili. Na dada yake akasema choma, nani atajua. Huyo aliye chini hatajua, kweli. Hapo umepatia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mfungue mbuzi wako arudi malishoni. Wapiga ngoma waambie wakapige kwingine. Watu wakikuuliza, waambie mwanao anarudia kazi kwa sababu fundi aliharibu ubao na yeye hakuutazama. Ni aibu, lakini ni fupi kusema. Ukitaka kunitukana mbele yao, nitukane, nimekupa ruhusa, ila usimtukane yeye, na usiniite mchawi. Mchawi angekuwa tajiri.

Niliacha kalamu hapo juu, baada ya neno "mchawi" na kabla sijaandika "angekuwa", nikavaa kanzu, nikaenda. Hatua mia mbili na goti hili ni safari. Sanduku la posta lilikuwa na mwanamke anauza karanga mbele yake, akaniambia, "Babu, unaandikia wapi?" Nikamwambia kwa mkwe. Nikaitumbukiza. Niliisikia ikiangukia barua za watu. Nikajaribu kuingiza mkono, si kwamba nilitaka kuitoa, nilitaka kujua kama inatoka. Haitoki. Nimerudi, nimemaliza sentensi yangu.

Kwa hiyo lolote utakaloandika sasa, andika ukijua hilo. Kama profesa atamfukuza, basi aliyeituma ni mie, na nitamwambia Hamisa hivyo hivyo uso kwa uso. Anarudi Alhamisi. Kuanzia kesho nitakuwa Kunduchi. Nimechukua ubao mpya, nimekataza oili isikaribie kibanda changu, Ngonyani ananishangaa. Nitaweka daraja, nitakaa na daftari, nitaanza kuwahesabu, mstari mmoja kwa kila mdudu, jinsi alivyokuwa anafanya yeye. Hesabu za darasa la nne zinatosha. Akifika akute kazi imeanza, na akitaka kuifuta aanze upya mwenyewe, aifute. Lakini asikute banda tupu.

Nisalimie mumeo, mwambie sijamsahau, na lile shoka langu pia sijalisahau. Nisalimie bibi yetu mkubwa, ukimsomea barua hii ruka pale pa suruali. Msalimie mama mkwe wa kaka yetu, yule asiyenipenda, mwambie hali ya hewa bado ni ile ile. Mwalimu wa madrasa nisalimie kwa heshima. Na huyo mama mwenye mtoto wa pumu, mpe pole yangu ya kweli, hiyo siyo ya utani.

Ukiwa bado na hasira, ziweke. Nitazikuta.

Ni mie,
Mohamedi, fundi seremala, Keko,
mjomba wake Hamisa, na kwa bahati mbaya yako, kaka yako.